Uzi wa Kushonea

Fundi wa mota za boti, jirani yangu wa dukani hapa Makambako, havui kofia yake ya sufu ila akiingia kanisani. Vidole vyake vinene vimepasuka kwa baridi, lakini vikigusa waya vinakuwa vyepesi kama vya mshonaji. Mteja akiuliza mota ipi ina nguvu zaidi, yeye humrudishia swali kwa sauti ya chini, utadhani anaongea na mgonjwa: "Kwanza niambie, maji yako yakoje?"

Juzi alimuuliza hivyo Hilari, mvuvi wa Ziwa Nyasa. "Kwetu milima inazama moja kwa moja ziwani, fundi," Hilari akasema. "Kamba ya nanga inaisha na jiwe halijagusa chini. Upepo ukija, unatuondoa kwenye samaki." Fundi akaiacha mota kubwa, akachukua ndogo ya umeme yenye GPS, inayofuata setilaiti ili boti isihame mahali pake. Tukaenda kuijaribu kwenye bwawa moja kijijini Kifanya, kwa boti ya kuazima. Akafunga uzi wa kushonea, ncha moja kwenye boti, nyingine kwenye kigingi ukingoni, akabonyeza kitufe cha mota. Mimi nilicheka. Upepo ulikuwa unainamisha miti ya misindano! Mota ikavuma kidogo, ikageuka, ikatulia, ikageuka tena. Nusu saa nzima, uzi haukukatika.

"Nani ameishika boti?" Hilari akanong'ona.

Fundi akaonyesha juu kwa kidole. Ameuza mota hizi miaka mitatu sasa, na bado, huku akiutazama ule uzi, akavua kofia.