Mgeni wa Kundi la Mchinga

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Mchinga na mwenyekiti wa kundi letu la maendeleo, ndiye aliyeng'ang'ania kundi hilo liwe la barua pepe. Wenzetu wote walikuwa wameshahamia kwenye magrupu ya simu, lakini yeye alisema huko watu wanatumiana sauti badala ya kuandika, na hakufundisha insha maisha yake yote ili wanafunzi wake waje wamkoholee masikioni. Mimi nina duka la fotokopi Lindi mjini, kwa hiyo nikapewa usimamizi wa kundi bila kuulizwa.

Ili wasio na barua pepe wasiachwe nje, niliruhusu mtu yeyote afungue ukurasa wetu kwenye kivinjari cha simu na kuandika bila kujisajili. Ujumbe wake ulitufikia sote kwa jina la Mgeni.

Haukupita muda, barua taka zikaingia kwa mlango huohuo. Matangazo ya bahati nasibu, mikopo ya papo hapo, na zaidi ya yote dawa za nguvu za kiume, kwa Kiswahili cha mashine. Mimi nilizifuta. Mjomba alizijibu, tena mbele ya kundi zima:

"Ndugu mfanyabiashara, asalaam aleikum. Tangazo lako tumelipokea. Kwa sasa wanachama hawajaleta malalamiko ya aina hiyo. Hata hivyo, sentensi yako ya pili haina kitenzi."

Mwanachama mmoja wa Dar akaandika: "Mwenyekiti, hawajaleta kwa sababu wanaona haya." Mjomba akanipigia simu palepale.

"Funga huo mlango! Na yule Mgeni mwingine naye akome."

Huyo mwingine hakuwa muuzaji wa dawa. Alikuwa akiandika kuhusu pampu ya kisima cha kijiji iliyoharibika, na mara ya mwisho alisema mwenyekiti anapata wasaa wa kusahihisha matangazo lakini hapati wasaa wa kumwita fundi.

Nikafunga. Barua taka zikakoma, na mimi nikajiona mtaalamu. Kesho yake asubuhi akanipigia mke wa mjomba, ambaye mimi humwita mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona ule ukurasa haukubali kuandika?"

"Nimeufunga, mama. Uchafu ulikuwa umezidi."

"Sasa mimi nitasema naye wapi?"

"Na nani?"

"Na mjomba wako! Nyumbani nikimtajia pampu, ananiambia ninyamaze asikilize taarifa ya habari. Nikimwandikia kwa jina la Mgeni, anasoma mpaka anavaa miwani."

Nilicheka hadi mteja aliyekuwa akisubiri nakala za cheti chake akauliza kama niko salama.

Nikaufungua mlango tena, ila safari hii kila ujumbe wa Mgeni ulinifikia mimi kwanza, niupitishe au niutupe. Nilimweleza mjomba kuwa hayo ni mambo ya usalama. Akakubali kwa sharti moja.

"Yule wa pampu umpitishe. Mkorofi, lakini Kiswahili chake safi. Huyo ni mwanamume msomi, nadhani mkaguzi wa shule aliyestaafu."

"Huenda, mjomba."

Ijumaa moja nilikwenda Mchinga. Baada ya sala nilimkuta mjomba barazani akimjibu Mgeni, na mkewe ameketi ubavuni kwake akimsomea kwa sauti alichoandika, maana herufi za simu zilikuwa zinamsumbua macho.

"'Ndugu Mgeni, unasumbuliwa na papara za ujana.' Toa hiyo ya ujana," mkewe akasema. "Pengine ni mtu mzima, utamvunjia heshima."

Mjomba akafikiri, akaitoa.

"Na umwambie fundi anakuja lini."

"Nimwandikie mwezi ujao?"

"Mwandikie kesho."

"Kesho nitampata wapi fundi?"

"Mtu msomi huyo. Ukimwandikia mwezi ujao atakuumbua mbele ya watu wa Dar."

Mjomba akaandika kesho. Mimi nilikuwa nimeinamia kikombe changu cha chai, na sikuthubutu kumtazama mama usoni.

Fundi alikuja kweli, ingawa alasiri. Maji yalipoanza kutoka, mama alikuwa wa kwanza kukinga ndoo, huku nyuma yake mjomba akiwaeleza majirani jinsi alivyokaa, akatafakari, na kuamua peke yake kwamba suala hili halifai kucheleweshwa.