Béthanie na Kurasa Mbili za Betri

Béthanie Ngondo alikuwa ametengeneza friji za chanjo kwa miaka kumi na tisa, katika vituo vya afya kuanzia Kamina hadi kule ziwani Kisale. Yote aliyoyajua aliyaandika katika kitabu cha kurasa mia mbili na arobaini, na mradi aliokuwa akiufanyia kazi ukakubali kukichapa. Kilibaki kitu kimoja tu: faharasa, ile orodha ya nyuma inayomwonyesha fundi jambo gani liko ukurasa gani.

Papa Esdras, mstaafu wa maktaba aliyekaa karibu na gare, kituo cha treni, aliomba dola mia mbili na hamsini kuitengeneza.

"Papa, ile bei iko mingi," Béthanie alimwambia, akiigusa kompyuta yake. "Ordinateur itatafuta maneno yenyewe, dakika tano."

"Itatafuta maneno, lakini haitasoma," mzee akajibu. "Acha nikufanyie herufi B tu, bule. Kisha weye utaamua."

Siku ya tatu alileta karatasi moja. Béthanie aliipokea akiwa amekwisha kuamua kukataa. Mstari wa kwanza ulisema: *betri, kuichomoa: 41, 187*. Pembeni, kwa penseli: *zinapingana*.

Akafungua kitabu. Ukurasa wa 41: toa kwanza nyaya za paneli za jua, ndipo za betri. Ukurasa wa 187: toa kwanza nyaya za betri. Fundi akifuata huo wa pili, kidhibiti cha chaji kinaweza kuungua, friji ikazima, na chanjo za watoto zikaharibika.

Kitabu hicho alikuwa amekisoma mara sita. Na nakala moja ya majaribio ilikuwa katika kituo cha afya cha Kinkondja tangu wiki iliyopita.

Alimpigia simu Léonie, muuguzi wa huko.

"Léonie, mulishagusa betri?"

"Bado, mama. Kesho njo tunaichomoa. Kitabu iko wazi hapa mbele yangu."

"Ukurasa gani?"

"Mia moja makumi munane na saba."

Béthanie alimwambia asiufuate huo. Alimsomea ule wa 41 polepole, akamwomba auandike kwa mkono na kuubandika juu ya friji.

Jioni hiyo aliuandikia mradi: picha za rangi ziondolewe kitabuni, na pesa zake zimlipe mzee. Katika majuma matatu Esdras aligundua makosa mengine manne, na kila ujumbe wake ulipoingia, Béthanie alisahihisha ukurasa husika. Kitabu kilitoka mwezi wa nane, cheusi na cheupe.