Yai la Kwanza Lake

Mume wangu alinunua vifaranga thelathini Wete, wa siku moja, akaja nao kwenye boksi lililotobolewa matundu. Siku ya nne akafa. Presha. Alitoka kutawadha, akakaa kizingitini, hakuinuka tena.

Kwenye ubao wa banda la uani alikuwa ameandika kwa mkaa: wiki nane chakula cha vifaranga, halafu cha kukuzia, wakikaribia miezi mitano cha kutagia. Na chini yake: yai la kwanza langu, asile mtu. Mlafi yule!

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila udi, bila kuvuka mlango wa mbele. Na sikulia. Si siku ya maziko, si siku ya khitma. Wanawake walinikodolea macho wakitafuta chozi, wasilione, wakasema humo humo nyumbani mwangu kwamba nina roho ya jiwe. Na waseme. Mimi nilikuwa sisikii kitu, si uchungu, si njaa. Nilitaka jambo moja tu, wale vifaranga wafike kwenye lile yai.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akininunulia chakula chao Chake Chake, maana mimi sitoki. Wiki ya tatu mvua ikashika, siku mbili hakuja, na mfuko umekwisha. Jikoni kulikuwa na machicha ya nazi na dagaa wakavu, wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Nikawatwanga, nikawachanganya na machicha. Tangu bibi zetu kuku wanakula hivyo, nani angefikiri? Lakini kuku wa bibi zetu walikuwa wakubwa, wakichakura mitaani na kunywa popote. Hawa wa boksi walishiba, wakakisongamania kibakuli cha maji mpaka kikakauka, na asubuhi kumi na mmoja walikuwa wamekufa.

Wifi akaja, akashika kichwa. "Lo, wifi! Umewapa dagaa wa chumvi?"

"La kuvunda halina ubani," nikamwambia. "Umeleta chakula?"

Nikawazika chini ya mgomba. Hata hapo sikulia. Niliitazama mikono yangu ikifukia, kama ya mtu mwengine.

Wakabaki kumi na tisa. Tangu siku hiyo sikuwapa hata punje ya nje ya ule ubao. Wiki ya nane nikaanza kuwachanganyia cha kukuzia, kidogo kidogo, wasije wakahara. Manyoya ya utoto yakapukutika, shingo zikarefuka, wakawa wabaya wa sura kweli kweli. Kalenda sikuitazama. Siku zangu za eda nilizijua kwa mifuko iliyokwisha.

"Wifi, umekula leo?" aliniuliza siku moja.

"Kuku wameshakula."

"Nimekuuliza wewe."

Sikukumbuka.

Wakaanza kula cha kutagia, vichwa vikapata wekundu. Siku ya kutoka eda wifi alikuja mapema, akawasha moto wa kuchemsha maji yangu ya kuoga, khanga mpya kaziweka kitandani. Mimi nikenda bandani kwanza. Kwenye pembe, juu ya maranda, palikuwa na yai. Dogo, la kahawia, bado la moto.

Nikageukia nyumbani nikaita kwa sauti, kama nilivyomwita miaka yote: "Bwana wee! Limekuja! Njoo ulile!"

Halafu nikasikia nilichokisema.

Nikalia. Nilikaa chini kwenye mavi ya kuku na nguo yangu nyeupe, nikalia mpaka sauti ikakauka. Wifi akatoka jikoni mbio, majivu mikononi.

"Kuna nini, wifi yangu?"

Nikampa lile yai.

"La kakako," nikamwambia. "Kasema asile mtu."