Mayai ya Mama Gerson

Haki ya Mungu, kuna watu wana macho makavu! Tabea, ambaye wote wanamwita Mama Gerson, amefuga kuku wa kienyeji miaka ishirini na miwili kwenye miteremko ya Meru. Asubuhi anawafungulia, wanachakura chini ya migomba na mibuni mpaka jua linazama. Kila Jumamosi aliteremsha trei tatu za mayai hadi duka la Anande, Kijenge mjini. Hakuwa na la kujivunia zaidi ya kusikia watu wa mjini wakisema, "Haya ni ya Mama Gerson, chukua bila kuuliza."

Mwezi mmoja hakushuka na mayai. Kuku wake walikuwa wanaatamia, na kuku wa kienyeji akishalalia mayai hatagi tena, hata umpigie magoti. Alimpigia Anande simu mapema, akamwambia mayai hakuna mpaka vifaranga wakue.

Wiki ya tatu akaenda mjini kununua dawa ya kuku. Nje ya duka la Anande akakutana na Agnela, mteja wake wa siku nyingi, ana mfuko wa mayai mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani, lakini siku hizi mayai yako yameharibika. Kiini cheupe kabisa! Umeanza kuwalisha nini?"

"Marahaba. Mayai yangu yapi?"

"Ya jana, hapo kwa Anande."

Tabea akaingia dukani bila hodi. Mezani kulikuwa na trei sita za mayai ya kisasa, yameloweshwa kwenye majani ya chai yabadilike rangi, na juu yake kibao cha boksi: MAYAI YA MAMA GERSON, KIENYEJI HALISI.

"Anande! Haya yametagwa na nani?"

Anande akachekacheka. "Karibu ukae, mama. Wateja wanayataka kila siku, ningefanyaje? Nimetumia jina tu. Hujapungukiwa na kitu."

Jina tu! Mtu apambane na mwewe, ugonjwa wa kideri umalize banda zima, alie, aanze upya na kuku wawili, halafu mwingine akae kivulini aseme jina tu!

Tabea akakinyakua kile kibao, akasimama nacho mlangoni, wateja wanaingia.

"Sikilizeni! Kuku wangu wanaatamia. Wiki tatu sijaokota hata yai moja. Humu dukani kinachotaga kila siku ni uongo!"

"Mama, unaniharibia biashara! Na wewe yako utayauza wapi?"

Hapo Anande alimpata. Tabea hakuwa na duka jingine.

Agnela, aliyeingia nyuma yake, akauliza taratibu, "Mama, ya kwako yatapatikana lini?"

"Vifaranga wakiachwa na mama yao. Anayeyataka apande mlimani, ayaokote mwenyewe chini ya migomba. Akikuta hakuna, atarudi mikono mitupu, lakini hatakuwa amedanganywa."

Agnela akamrudishia Anande mayai yake ya jana, akatoa simu aandike.

"Nielekeze njia, mama."