Dada Ndoo na Upande wa Pili wa Karatasi

"Hivi jirani, kweli mtu wa kupiga deki naye awe mwalimu? Tena mwalimu wa wasioona?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu wa mlango wa pili, siku moja tukianika nguo, kila mtu na kamba yake. Hakuwa na ubaya. Ni mtu wa kuuliza tu, hata ukipita na mfuko atataka kujua umebeba nini. Nilimjibu kwamba Mungu ndiye anayejua nani amemwandalia nini. Akacheka, akasema, "Haya, tutaona." Nami moyoni nikasema tutaona, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Aliyemuulizia ni mfagiaji wa shule ninayopikia. Ni shule ya kawaida, ila mwisho wa korido kuna darasa la watoto wasioona, wako kumi na wanne. Wao ndio waliompa jina la Dada Ndoo. Ndoo yake ilikuwa na mkono wa waya uliolegea, akitembea unalia kwii, kwii, na watoto wakiusikia tu wanapiga kelele, "Dada Ndoo huyo! Inueni miguu!" Jina likakaa, hata barua yake ilipokuja ofisini, mwalimu mkuu alikuja jikoni kuuliza mwenye jina lile la kwenye bahasha ni nani.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama yake anafua nguo za watu, naye tangu akiwa na miaka minane alikuwa akimsaidia kusuuza. Shule aliiacha katikati, akaja kuimalizia ukubwani kwa masomo ya jioni, daftari akilitia kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsifu anaangalia chini kama aliyegombezwa.

Niseme kidogo wale watoto wanavyoandika, maana jambo lote liko hapo. Maandishi yao yanaitwa nukta nundu. Mtoto anabana karatasi ngumu kwenye kibao chenye vijidirisha, halafu anaitoboa kwa kimsumari chenye mpini, akianzia kulia kwenda kushoto. Akimaliza anaitoa karatasi na kuigeuza. Vile vitobo, upande wa pili vimekuwa vipele, na hivyo ndivyo anavyovisoma kwa vidole, kutoka kushoto kwenda kulia.

Dada Ndoo alijifunza akiwa amesimama nyuma yao na deki mkononi. Watoto wakitoboa hutaja herufi kwa sauti, naye anaangalia juu ya mabega yao. Hivyo miaka minne. Mwalimu wao, ambaye mwenyewe haoni tangu utotoni, alikuwa akisikia deki imenyamaza anasema, "Dada Ndoo, hapo ulipo pameshatakata." Naye anaondoka mbio kwa aibu. Mwishowe mwalimu akampa kibao cha zamani kilichovunjika bawaba, akawa anatoboa peke yake wakati wa mapumziko, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

Kisha chuo cha ualimu kikatangaza nafasi chache kwa watu waliotoka nyumba zisizo na uwezo, ambao wameshafanya kazi karibu na watoto wenye ulemavu. Wangesomeshwa mpaka wawe walimu wa elimu maalumu, na kila mmoja angepewa mtu wa kumwongoza. Mwalimu alimwita.

"Jaza fomu, binti."

"Mimi mwalimu? Watanicheka."

"Wacheke. Mimi siwaoni."

Siku ya majaribio nilimsindikiza, maana mama yake alikuwa na nguo za watu kwenye maji. Nilikaa kwenye benchi la nje, mlango uko wazi. Ndani kulikuwa na wasimamizi watatu. Mmoja wao, mama mwenye miwani ya kamba, akamsomea habari fupi ili aiandike. Jamani, yule mtoto alitoboa! Tik tik tik kama mvua juu ya bati. Wale watu wakatazamana. Mama wa miwani akasema, "Kuandika huku umesomea wapi?" Akajibu, "Nyuma ya watoto."

"Vizuri sana. Haya, sasa tusomee ulichoandika."

Akaitoa karatasi kwenye kibao, akaiweka vilevile ilivyokuwa, vitobo juu, akaanza kusoma kutoka kulia bila kusita.

"Upande wa pili, dada," wakamwambia. "Watoto wanasoma upande wa pili."

Akaigeuza. Akaiangalia. Akaizungusha juu chini, akaigeuza tena, asiitambue hata herufi moja. Miaka minne alikuwa amejifunza kutoka pale aliposimama, na pale aliposimama palikuwa upande wa vitobo. Karatasi ikigeuzwa, kila herufi inageuka nayo, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Na mwalimu asiyeweza kusoma kazi ya mwanafunzi wake atamsahihishaje?

Hawakumfukuza. Walimwambia, "Rudi baada ya wiki kumi. Ukisoma ukurasa mmoja, nafasi ni yako. Usiposoma, itabidi tumpe anayekufuata."

Kesho yake mwalimu aliposimuliwa alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe nilikuwa na mwanafunzi kinyumenyume na sijui!" Kisha akawa mpole. "Sikiliza binti. Macho yako yamezoea vibaya, ukiyatumia yatakurudisha kulekule. Vidole vyako havijui kitu bado. Tuanze na vidole. Hebu lete mkono."

Akaushika, akapitisha kidole gumba juu ya vidole vyake, akaguna.

"Hivi ni vidole au soli ya kiatu?"

Ndiyo ilivyokuwa. Maji ya sabuni na dawa ya choo, kila siku, na kufua tangu utotoni. Ngozi ilikuwa imekuwa ngumu na kupasuka. Akiwekewa mstari wa nukta, anasema anahisi karatasi tu. Mwalimu akasema mikono ile isiguse maji wala dawa mpaka siku ya mtihani, la sivyo wanapoteza muda.

Sasa mfagiaji asiyegusa maji atakula wapi? Hapo ndipo mimi na mwenzangu wa kuosha vyombo tulipokwenda kwa mwalimu mkuu. Tukamwomba tugawane deki sisi wawili, na Dada Ndoo apewe kazi kavu: kufuta vumbi, kupanga vitabu, na kutuchagulia mchele. Mwalimu mkuu akauliza, "Mtaweza?" Mwenzangu akasema, "Mzee, mikono yetu imeshaharibika, haina mtihani." Akakubali.

Basi nikaibeba ile ndoo. Siku ya kwanza naingia korido, kwii, kwii, watoto wakapaza sauti, "Dada Ndoo!" Nikasema, "Si yeye, ni mimi mpishi." Mmoja akauliza kwa huzuni, "Kwa hiyo leo hakuna chakula?"

Mchele nao una kisa chake. Mwalimu alimwagiza auchague amefungwa kitambaa machoni, ili vidole vizoee kutafuta vitu vidogo. Siku zile za mwanzo tulikula mawe. Mwalimu mkuu alitema kokoto mezani, akaiangalia, akasema, "Hii elimu maalumu itatumaliza meno." Lakini hakusema iachwe. Jirani yangu nilipomsimulia, aliuliza kama meno ya walimu yatalipwa na chuo.

Nyumbani mama yake alimnyang'anya beseni. Nilikuwepo. Alimpaka mafuta viganjani, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, kama anavyopakwa mtoto mchanga. Akasema, "Mikono hii niliiharibu mimi." Binti akasema, "Mama, hii ndiyo iliyonilisha." Mimi nikajifanya natafuta kiatu changu.

Wiki ya tano ngozi ilianza kulainika. Wiki ya sita, nikiwa napiga deki mlangoni mwa darasa, nikamsikia anasema, "Hapa kuna kitu." Mwalimu akamwambia, "Ndiyo, kipo. Endelea." Akasoma neno moja. Lilikuwa "maji." Tulicheka sote, na mimi nikamshukuru Mungu nimeegemea deki, sina pa kupigia magoti pakavu.

Siku ya mwisho nilikaa kwenye benchi lilelile. Nilimwomba Mungu kwa maneno machache, maana yeye alishajua mengine. Ndani wakampa ukurasa. Akaweka vidole, akafumba macho.

Mama wa miwani akamwambia, "Fumbua tu, dada. Wewe unaona, unaruhusiwa kutumia macho."

"Nikifumbua nitakosea, mama. Niacheni hivihivi."

Alisoma taratibu sana. Kuna mahali alirudi nyuma mara tatu, na mmoja wa wale wasimamizi akaanza kuangalia saa, mama wa miwani akamwekea mkono asimharakishe. Ukurasa ukaisha. Akafumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Wakamwambia nafasi ni yake, ila macho nayo atayafundisha upya hukohuko chuoni.

Jirani yangu alipopata habari alikuja mwenyewe mlangoni. Mara hii hakuuliza kitu. Alileta jozi ya soksi, akasema vyuoni kuna baridi.

Kabla Dada Ndoo hajaondoka kwenda chuoni, sisi wa jikoni tulitaka kumpa kitu cha kumkumbusha kwetu. Tulifikiria sanduku, tukafikiria shuka. Mwisho tukaona tumuulize mwenyewe anataka nini. Alisimama pale mlangoni, akaangalia chini kama kawaida yake, halafu akaiangalia ndoo iliyokuwa pembeni.

"Atakayeishika ndoo hiyo baada yangu," akasema, "akisimama nyuma ya watoto kuangalia, msimfukuze. Mgeuzieni karatasi tu."