Kibiriti Nyuma ya Tairi

Baba yangu alikuwa hagusi breki kilimani. Gari likisimama kwenye mpando, yeye hulishika kwa petroli: anakanyaga kidogo, injini inavuma, gari halirudi nyuma wala haliendi mbele. Ndivyo alivyojifunza Unguja, kwenye gari la klachi. Siku ya mtihani wa leseni polisi alimwekea kibiriti nyuma ya tairi, juu ya kilima, akamwambia aondoke bila ya kukiponda. "Nnakwambia, kibiriti kilitoka kizima, na yule polisi akawashia sigara yake," husema, na sisi hucheka pale pale tunapocheka kila siku.

Tabu ni kwamba gari letu la Maskati halikuwa la klachi. Lilikuwa ligari refu la safu tatu za viti, otomatiki, lililoingia kwetu Ghubra katikati ya miaka ya tisini, na Baba alilipenda mpaka Mama akawa anamtania kuwa kaoa mke wa pili.

Siku sita za wiki aliliendesha dereva wetu, Mkenya wa Nakuru, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kanisa, kwani Maskati hata Wakristo husali Ijumaa, siku ambayo kazi zimefungwa. Kwa hivyo Ijumaa baada ya sala Baba hushika usukani mwenyewe, akatupeleka Sidab kwa shangazi kula chakula cha mchana. Nyumba ya shangazi ilikuwa juu, na kichochoro cha kupandia kilikuwa chembamba, gari moja tu linapita. Ukikuta mtu anateremka, unasimama katikati ya mpando unamngoja. Hapo ndipo Baba alipokuwa akionyesha ufundi wake.

Mimi wakati ule nilikuwa mwalimu, nishapita miaka ishirini na tatu, na nilikuwa na hamu moja tu duniani: leseni. Baba alikataa miaka miwili. Mwaka ule akakubali kwa shingo upande, akamruhusu dereva anifundishe kwenye uwanja mtupu nyuma ya skuli yetu. Ruhusa yenyewe ilikuwa bado ya moto, nami nilikuwa natembea nayo kwa vidole vya miguu nisije nikaimwaga.

Jumamosi moja, kabla hajanipa usukani, dereva alizima injini. "Dada, jana mlienda Sidab?"

"Tulikwenda. Kwani?"

"Hii gari kila Jumamosi naikuta mgonjwa. Nikiweka gia, inakawia kushika. Nikifika kasi ya barabara kuu inatetemeka chini ya miguu. Mpaka Jumatano inapata nafuu, halafu Ijumaa tena." Akaniuliza Mzee anasimamaje mlimani. Nikamweleza, na hadithi ya kibiriti nikampa, nikicheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwa utulivu. Gari la otomatiki halina klachi. Baina ya injini na giaboksi kuna konveta, mfano wa sufuria iliyofunikwa, imejaa mafuta ya gia, na mafuta hayo yakizunguka ndiyo yanayosukuma gari. Ukilishika gari mlimani kwa petroli, injini inayakoroga mafuta na gari haliendi, basi nguvu yote inageuka moto. Mafuta yanaungua, na yakishaungua hayasukumi kitu wala hayalindi kitu.

"Sasa mimi siwezi kumfundisha Mzee kuendesha gari lake," akasema. "Wewe ni mtoto wake. Mwambie akanyage breki tu, basi."

"Inshaallah," nikasema. Wallahi, nilipoitamka nilijua kuwa ni ile inshaallah ya kumwondolea mtu mlangoni.

Kwa sababu Baba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa uendeshaji wake. Kaka yangu aliwahi kumwambia apunguze mwendo, akashushwa njiani, akarudi na teksi. Mimi nikamwambie breki? Hata leseni sina! Nikaona atasema, "Alaa! Umeshika usukani wiki tatu unanifundisha mie?" na mafunzo yangeishia hapo. Basi Ijumaa ile nikakaa kimya. Iliyofuata, pikapu ya samaki ikateremka taratibu kweli kweli, Baba akalishika gari, na harufu ikaingia kupitia kiyoyozi, harufu ya sukari iliyoungulia chini ya sufuria. "Mnasikia harufu?" Mama akauliza. Baba akasema ni jirani anachoma taka. Nikaenda kula wali wa shangazi na sikuumaliza.

Kila Jumamosi, akinipeleka uwanjani kujifunza, dereva hunitazama kwenye kioo. "Ulimwambia?" "Bado. Leo." Miezi miwili, bado, leo.

Gari likaja kutufia siku ya Jumatatu, asubuhi, kwenye raundabauti ya Ghubra, Mama yumo ndani na magari yanatupigia honi pande zote. Injini inanguruma, gari haliendi. Na aliyekuwa kwenye usukani, bila shaka, ni dereva.

Kwenye gereji ya Wadi Kabir fundi aliyatoa mafuta ya gia, yakatoka meusi. Akachovya kidole akamnusisha Baba. Akasema kwa Kiarabu chake cha gereji kuwa gari hili halikuchakaa, konveta imeunguzwa, na kilichoiunguza ni mguu wa mtu. Baba akageuka akamtazama dereva. Dereva akanitazama mimi.

Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na sauti. Nikatazama beseni la mafuta.

"Mguu wako huo," Baba akamwambia. "Mwisho wa mwezi utarudi kwenu."

Dereva alisema neno moja tu: "Sawa, Mzee." Viza yake ilikuwa kwa jina la Baba. Bila ya karatasi ya ruhusa ya Baba hawezi kuajiriwa na mtu mwingine Oman nzima, na binti yake alikuwa anaingia sekondari Januari. Alinihadithia mwenyewe, kwa furaha, siku aliyonifundisha kurudi nyuma.

Siku kumi na saba zilikuwepo mpaka mwisho wa mwezi, na nilizihesabu zote. Mara ya kwanza nilimkuta Baba anasoma gazeti, nikamwambia, "Baba, kuhusu dereva," akasema, "Usinitie hasira, mwanangu," nikamletea chai. Mara ya pili nilifika mpaka mlango wa chumba chake nikasikia anamhadithia Mama ubaya wa madereva wa siku hizi, nikarudi. Usingizi haukuja, chakula hakikushuka. Mama akadhani nina mchumba. Nikajiambia, subiri ufaulu mtihani, halafu utasema. Shetani gani alinishika, Yarabi?

Siku ya kuondoka, dereva alikuja kuaga na shati lake limepigwa pasi. Mama akalia. Mimi nikamsindikiza mpaka kwenye teksi, nikaanza, "Kaka, mimi..." Akafunga buti la teksi mwenyewe.

"Nilikuachia wewe, dada," akasema. Teksi ikaenda zake uwanja wa ndege, kule Sib.

Gari likarudi na konveta mpya. Mimi nikafaulu mtihani. Leseni nikaitia mkobani, lakini funguo Baba hakunipa. Alisema ligari lile si la kujifunzia.

Haikupita miezi mitatu. Ijumaa, mpando wa shangazi, mtu anateremka na punda wa maji, Baba anavumisha injini. Harufu ile. Na jioni, tulipokuwa tunarudi na tumekamata barabara kuu, chini ya miguu yetu likaanza kutetemeka.

Baba akalisogeza pembeni, akalisimamisha. Akazima injini, mikono akaiacha juu ya usukani.

"Na leo nani tena?" akasema. "Dereva sina."

"Ni wewe, Baba," nikasema, na mara hii yakatoka yote: petroli, mlima, konveta, mafuta yanayoungua. Nilisema haraka haraka nikitazama mbele.

"Nani kakufundisha haya?"

"Dereva."

"Lini?"

"Kabla halijaharibika. Alinituma nikwambie."

Nilingoja hasira. Nilikuwa naiogopa kwa nusu mwaka, na haikuja. Baba alitazama mguu wake wa kulia, akauondoa kwenye petroli japokuwa injini alishaizima.

"Mie nilimdhulumu sikujua," akasema. "Wewe ulijua."

Akateremka, akazunguka mbele ya gari, akanifungulia mlango. Akanyoosha mkono, na ndani yake mna ufunguo.

"Endesha," akasema. "Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Nikaendesha mpaka Ghubra.