Chupa Iliyokaa Juu ya Mbaula

Daktari alisema mume wake amebakiza wiki tatu, na ziwa lilikuwa bado limefungwa kwa wiki nne. Mathilde alirudia hesabu hiyo njia nzima mpaka nyumbani, na kila mara ilimgomea. Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali hukataza kuvua katika ziwa letu la Mweru ili samaki wazaane. Na alichotaka Sébastien, mumewe, kabla ya kufa kilikuwa kitu kimoja tu: samaki wa makobo, mbichi, wa kuchoma, pamoja na ile divai nyeupe.

Divai yenyewe ina habari zake. Sébastien Banza, mkimbizi kutoka upande wa pili wa ziwa, alimpikia padri mmoja Mwitaliano hapa Nchelenge kwa miaka kumi na mmoja. Padri alikuwa mtu wa kusini, karibu na Napoli, na ndugu zake walimletea divai ya kwao, Falanghina, jina ambalo Sébastien alilitamka kama la shangazi yake. Alimfundisha mpishi wake kuonja: tazama rangi kwanza, nusa, kisha iache ikae mdomoni kabla ya kumeza. Wakaijaribu na kila chakula cha ziwani. Kisense, vile visamaki vyetu vikavu, viliifunika kabisa. Samaki wa moshi aliifanya iwe chungu. Lakini makobo mbichi wa makaani, chumvi na ndimu tu, hapo Padri aliweka uma chini akafumba macho.

Padri alipostaafu aliacha chupa mbili. Moja waliinywa watatu siku hiyohiyo, na Mathilde, aliyedhani ataitema, akaomba kikombe cha pili. Ile nyingine Sébastien alitaka waifungue mwaka uleule. "Hii haiko ya kuweka sana, Mama Vicky," alisema. Mathilde akakataa katakata: itafunguliwa siku Vicky, binti yao, atakapoolewa. Vicky yuko Lusaka na haolewi, mnawajua watoto wa siku hizi. Basi chupa ikakaa miaka saba. Na Mathilde, mwanamke aliyeuza samaki maisha yake yote, aliitunza kama alivyotunza kila kitu cha thamani: juu kwenye uchanja wa jikoni, pakavu, penye joto la mbaula, jiko letu la makaa, moshi ukipita kutwa kucha ili kisioze.

Sébastien alikuwa mbishi hata katika kufa. Wiki tatu zikapita, akabaki ngozi na macho. Jirani alinong'ona kuhusu samaki wa magendo, mgonjwa akakasirika. "Tuko bageni huku," alisema. "Nitangojea." Akangoja kweli.

Tarehe mosi Machi, Royd, mvuvi waliyezoeana naye, alifika asubuhi na makobo wawili, mikia bado inapiga. "Bana Vicky, hii ni ya mudala," alimwambia Mathilde, yaani ya mzee wake, akaenda zake.

Mathilde aliwachoma uani, akamkalisha mume wake kitandani kwa mito, akammiminia divai kwenye kikombe cha plastiki. Sébastien alinusa. Akamtazama mkewe usoni. Kisha akanywa, akaikalisha mdomoni, akameza, na chozi likamtoka.

"Iko vile vile?" Mathilde aliuliza.

"Iko vile vile. Ndimu. Pera kidogo. Na ile chumvi ya ku mwisho, njo ile Padri alikuwa nasema." Akala vipande vitatu vya makobo, akamaliza kikombe. Mathilde aliponyoosha mkono aonje, akamzuia. "Yako iache ya ndoa ya Vicky."

Akasinzia. Tangu ugonjwa uanze Mathilde hakuwahi kufurahi namna ile.

Alipokuwa anaosha kikombe aliona tone limebaki chini, rangi ya chai. Akalinusa. Akachukua chupa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Ilikuwa siki. Siki na moshi, ya kukwaruza koo, na yule mtu tumbo lake lilikuwa donda tupu. Miaka saba Mathilde alikuwa ameipika juu ya mbaula kwa mikono yake mwenyewe, na mumewe alijua tangu kunusa. Mathilde alikaa chini kwenye majivu akalia, kitenge mdomoni, asisikike.

Lakini alisikika. "Mama Vicky, uko nalia nini?"

Akajifuta. Akarudi chumbani na chupa, akajimiminia kikombe kikajaa, mbele ya mumewe. Akatazama rangi. Akanusa. Akaikalisha mdomoni kama Padri alivyofundisha, akameza. Sébastien alikuwa amemkodolea macho.

"Iko vile vile," akasema Mathilde.

Sébastien akausogeza mkono wake polepole juu ya blanketi mpaka ukaupata wa mkewe. Alhamisi ya wiki ileile tulimzika.